Bakteria Mwenye Joho: Kisa cha Ugonjwa wa Majipu kwa Samoni wa Norwei

Ukitaka kukielewa kisa hiki, anza na mizani ya dawa. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni nchini Norwei waliwalisha samaki wao karibu tani 48 za antibiotiki. Hapo nazungumzia dawa yenyewe, si chakula kilichochanganywa nayo. Mwaka huo mavuno ya samoni hayakufika hata tani 50,000, kwa hiyo kila tani ya samaki ilikula takriban kilo nzima ya dawa. Kufikia 1989 matumizi yalikuwa yameshuka hadi tani 19 hivi. Mwaka uliofuata yakapanda tena, tani 37. Mwaka 1992 bado yalikuwa kama tani 27. Kisha 1993 yakaporomoka hadi tani 6, na 1994 ikabaki kama tani moja na nusu tu, wakati mavuno ya samoni yamekwisha kufika tani laki mbili.

Chora takwimu hizo ukutani, utaona mteremko, kilima, halafu mteremko mwingine mkali zaidi. Wengi wakisimulia habari hii husema chanjo ilipatikana, dawa zikaachwa. Si uongo, ila wanakiruka kilima. Mteremko wa kwanza uliletwa na chanjo kweli. Lakini kilima kiliota wakati chanjo za aina ileile, zilizotengenezwa kwa njia ileile, ziko sokoni dhidi ya ugonjwa wa pili na wafugaji wanazinunua. Inakuwaje njia iliyomshinda adui mmoja igonge mwamba kwa mwingine, ndani ya samaki yuleyule, kwenye maji yaleyale? Jibu limo katika damu ya samoni, kwenye protini zake za kinga, na katika vazi la bakteria mmoja.

Kisiwa cha Hitra

Hitra ni kisiwa cha pwani ya kati ya Norwei, si mbali na mji wa Trondheim. Mwaka 1970 ndugu wawili wa hapo, Ove na Sivert Grøntvedt, waliweka samoni wachanga 20,000 kwenye kizimba chenye pembe nane kinachoelea baharini. Walivuna, wakauza, na pwani nzima ikawaiga. Kama miaka kumi hivi baadaye kisiwa hichohicho kikatoa jina la ugonjwa. Samoni wa vizimbani walikuwa wakifa majira ya baridi, wamepungukiwa damu, na wakipasuliwa damu imevilia kwenye viungo vya ndani.

Kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana. Wapo walioshuku chakula, hasa upungufu wa vitamini. Wengine wakasema huyu ni kijidudu. Mwaka 1986 mtafiti Emmy Egidius na wenzake wa mji wa Bergen wakamtambulisha mhusika rasmi kwa jina Vibrio salmonicida, bakteria apendaye baridi ambaye hushambulia zaidi maji yakiwa chini ya nyuzi 10. Chanjo yake ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Mkuze bakteria kwa wingi, muue kwa formalini, changanya na maji ya chumvi, kisha wachovye samaki humo au wachome tumboni. Ikafanya kazi. Huo ndio mteremko wa kwanza.

Adui wa pili aliingia mlangoni kabisa. Mwaka 1985 samoni wachanga walionunuliwa Uskoti walikuja na Aeromonas salmonicida, bakteria wa ugonjwa wa majipu, au furunkulosisi kwa jina la kitaalamu. Sayansi ilikuwa ikimjua tangu 1894, Emmerich na Weibel walipomweleza kutoka kituo cha kuzalishia trauti, samaki wa jamii ya samoni, nchini Ujerumani, na Norwei yenyewe ilishawahi kumpata miaka ya 1960 kupitia trauti wa Denmark. Safari hii alikuta pwani imejaa vizimba. Dhoruba za majira ya baridi ya 1988 na 1989 zilipasua nyavu, samoni wakatoroka kwa maelfu, na waliotoroka wakatembea na ugonjwa kutoka ghuba hadi ghuba. Kufikia 1992 mamia ya mashamba yalikuwa yameambukizwa.

Jina hilo la majipu linadanganya kidogo. Samaki akipata ugonjwa kwa kasi hufa kabla jipu lolote halijatokeza: anakuwa mweusi, anajitenga na wenzake, siku mbili tatu baadaye anaelea. Neno la Kilatini lenyewe, furunculus, maana yake ya kwanza ilikuwa mwizi mdogo. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa sababu bakteria huyu ni mwizi kweli.

Wafugaji walifanya alichofanya kila mfugaji duniani aliyebanwa, wakaongeza dawa kwenye chakula. Kasoro ya njia hii inaonekana hata bila maabara. Samaki mgonjwa hagusi chakula. Dawa inaliwa na wale ambao bado wana afya, aliyeambukizwa anaikodolea macho ikizama, na inayozama inaishia kwenye tope chini ya kizimba. Juu ya hayo, bakteria walianza kuwa sugu kwa asidi ya oksoliniki na dawa nyingine zilizokuwa zikitumika sana. Kilima cha 1990 kilijengwa namna hiyo.

Samoni ana nini cha kujilindia

Aliyewahi kumshika sato au kambare hai anaujua ule utelezi. Ule ute ndio boma la kwanza, na umejaa protini. Mojawapo ni lisozimu, kimeng'enya kilekile ambacho Alexander Fleming alikigundua kwenye kamasi ya binadamu miaka michache kabla ya penisilini. Lisozimu hukata nyuzi zinazoshikilia ukuta wa bakteria. Ya binadamu na ya kuku haina makali sana kwa bakteria wenye utando wa nje wa mafuta, na maadui wengi wa samaki wa maji baridi ni wa kundi hilo. Lakini mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba trauti wa upinde wa mvua, yule anayezalishwa Kiganjo karibu na Nyeri, ana aina mbili za lisozimu kwenye figo, na mojawapo huwaua hata hao. Samaki anaishi ndani ya supu ya vijidudu, haishangazi kwamba kisu chake kimenolewa zaidi.

Bakteria akipenya, kwa mfano kwenye mkwaruzo wa wavu au kupitia mashavu, anakutana na damu. Hapo kinachomkwamisha kwanza ni njaa. Bakteria karibu wote wanahitaji madini ya chuma ili wazaane, na damu ya samaki ina chuma tele, ila yote imefungiwa. Protini iitwayo transferini huzunguka ikiokota kila chembe ya chuma iliyo huru. Molekuli moja hubeba chembe mbili na kuzishika kwa nguvu. Maambukizi yakianza, ini huzalisha hepsidini, na chuma kinazidi kufichwa ndani ya seli. Mwizi mdogo naye ana ufundi wake. Hutoa molekuli ndogo za kunyakua chuma mikononi mwa transferini, kisha huzivuta ndani pamoja na mzigo. Mashindano haya hayana kishindo, lakini ndiyo yanayoamua kama bakteria kumi watabaki kumi au watakuwa milioni.

Protini ninayoipenda kuliko zote ni komplimenti. Kwa kweli si protini moja, ni kundi la protini zaidi ya ishirini zinazozunguka kwenye damu zikiwa zimelala. Ya katikati huitwa C3. Ikigusa uso wa kigeni hukatika, na kipande chake kimoja hujibandika kwenye bakteria kama alama ya rangi anayopigwa ng'ombe wa kuchinjwa. Seli za kumeza vijidudu zikiona alama hiyo zinakula bila kuuliza. Wakati huohuo C3 iliyokatika inaamsha protini zinazofuata kwenye mnyororo, mpaka za mwisho zinajipanga duara na kutoboa tundu kwenye utando wa bakteria. Maji yanaingia, anapasuka.

Binadamu ana C3 ya aina moja. Trauti ana angalau aina tatu, na kila moja inakamata nyuso tofauti kwa ubora tofauti. Tena komplimenti ya samaki hawa hufanya kazi kwenye maji yanayokaribia kuganda, wakati ya mnyama mwenye damu ya moto ingezubaa. Hili lina uzito mkubwa kwa kisa chetu, kwa sababu protini inayofuata, kingamwili, ile inayotengenezwa kumlenga adui maalumu, ndiyo inayochelewa baridi ikizidi.

Kingamwili kuu ya samaki ni IgM. Kwa binadamu vipande vitano vya IgM hushikana pamoja. Kwa samaki ni vinne. Binadamu akishakutana na adui mara ya kwanza hubadilisha silaha, anatoka IgM anakwenda IgG iliyo ndogo, kali na inayodumu. Samaki hana IgG. Akichanjwa mara ya pili anapata IgM zaidi, na ubora wa mshiko wake unapanda kidogo tu. Mwaka 2005 iligunduliwa kingamwili nyingine ya samaki, IgT, na mwaka 2010 ikaonyeshwa kwamba kazi yake hasa ni utumbo. Baadaye ikaonekana kwenye ngozi na mashavu pia. Lakini miaka ya 1990 hakuna aliyejua kwamba ipo. Watengenezaji wa chanjo walikuwa wanacheza na IgM peke yake bila kujua kuna mchezaji mwingine uwanjani.

Iko protini moja ambayo watu huisahau, nayo ina ushahidi mzuri kabisa kwenye ugonjwa huu. Bakteria wa majipu hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, ndiyo maana jipu likipasuka ndani yake ni uji. Damu ya samaki ina protini kubwa, alfa-2-makroglobulini, inayofanya kazi kama dema la kuvulia samaki: kimeng'enya kinaingia, mlango unajifunga. Trauti wa upinde wa mvua na ndugu yake trauti wa kijito walipolinganishwa, ilionekana kwamba dema la wa kwanza hukamata kimeng'enya cha bakteria huyu vizuri zaidi kuliko la wa pili. Na kweli, wa kwanza huuvumilia ugonjwa wa majipu wakati wa pili anakufa kirahisi. Bakteria ni yuleyule, tofauti ni protini.

Joho

Sasa mlinganishe Vibrio wa Hitra na Aeromonas wa majipu kama vile komplimenti na IgM zinavyowaona.

Vibrio anakuja uso wazi. Kwenye utando wake wa nje kuna alama nyingi, na mwili wa samoni unazitambua kwa urahisi. Bakteria aliyekufa, aliyechanganywa na maji ya chumvi, anatosha kuufundisha mwili. IgM ikijishika kwenye alama hizo inaiita komplimenti, na komplimenti inamaliza kazi. Hata kiasi kidogo cha kingamwili kinatosha kwa sababu mlango haujafungwa.

Aeromonas salmonicida anavaa joho. Ni tabaka la protini lililofumwa kwa mpangilio kamili, kama mkeka, molekuli moja ikirudiwa maelfu ya mara hadi kumfunika bakteria wote. Wataalamu wanaliita tabaka A, na kazi za kulieleza zilianza kutoka mwaka 1978. Bakteria asiye na joho huuawa kirahisi na damu ya samaki asiyechanjwa kabisa. Mwenye joho anaoga ndani ya damu hiyohiyo na kutoka salama. Komplimenti inaamka, lakini silaha zake hazifiki kwenye utando ulio chini. Seli za kumeza vijidudu zinammeza, naye anaishi humo. Joho lina tabia nyingine ya ajabu: linaweza kunasa kingamwili ovyo, hata zisizomlenga, kama nguo iliyopita kwenye mbigili.

Ukimkuza bakteria huyu maabara kwenye joto linalozidi nyuzi 25 kwa muda, wengi wao hupoteza joho, na pamoja nalo hupoteza ukali. Aliyetengeneza chanjo bila kujali alimkuzaje, huenda alikuwa anawafundisha samaki sura ya mtu asiye na joho, halafu anawapeleka vitani kukutana na mwenye joho.

Anayo na sindano. Mwaka 2002 watafiti wa Bern, Uswisi, walieleza sumu moja ya bakteria huyu, na kazi zilizofuata zikaonyesha jinsi anavyoidunga: huigusa seli ya samaki na kuisukumia sumu moja kwa moja ndani, bila hata kuimwaga kwenye damu ambako kingamwili ingeidaka. Bakteria aliyevunjwa sindano hiyo hawezi kuua. Kwa hiyo seli iliyokuja kumla ndiyo inayolemazwa kwanza. Samoni alikuwa na silaha zote nilizozitaja, na kila moja ilikuwa na kizuizi chake mbele.

Nani aliyedhani kazi itakuwa nyepesi? Historia ilikuwa imeshaonya. Jaribio la kwanza mashuhuri la chanjo ya samaki duniani, la D. C. B. Duff wa Kanada mwaka 1942, lilimlenga bakteria huyuhuyu. Duff aliwalisha trauti bakteria waliouawa kwa klorofomu, akapata kinga ya kutia moyo. Nusu karne baadaye, baada ya majaribio mengi, ya kuchovya, ya kulisha, ya kuchoma, hapakuwa na chanjo ambayo mfugaji angeweza kuitegemea.

Mafuta

Kilichobadilika mwaka 1992 na 1993 hakikuwa bakteria aliyemo kwenye chupa. Ilibadilika namna ya kumbeba. Badala ya maji ya chumvi, bakteria waliouawa walichanganywa na mafuta, vikatengenezwa vitone vidogo sana vya maji ndani ya mafuta, na mchanganyiko huo ukachomwa ndani ya uwazi wa tumbo, kipimo cha sehemu moja au mbili za kumi za mililita kwa samaki.

Mafuta hufanya mambo mawili. Kwanza yanakuwa ghala: bakteria waliokufa hawasafishwi kwa siku chache, wanatolewa kidogokidogo kwa miezi. Pili, yanachokoza. Mwili unayaona kama jeraha, seli za kinga zinakusanyika hapo na kujenga vivimbe vidogo, na ndani yake somo linaendelea. Kwa mnyama asiye na IgG, ambaye kumbukumbu yake ya kinga ni nzito kuamka, kumfundisha mara moja kwa nguvu na kisha kumwacha na mwalimu tumboni ni mbinu ya busara kuliko kumrudia mara tatu na sindano.

Je, ni kingamwili kweli zilizoleta kinga? Kwa miaka mingi wapo walioamini kwamba dhidi ya ugonjwa huu seli ndizo zenye kazi, IgM ni mapambo. Hoja yao ilikuwa na msingi: samaki wenye kingamwili nyingi wakati mwingine walikufa. Lakini walikuwa wanapima kingamwili zote kwa pamoja. Watafiti wa Norwei walipotenganisha, wakapima zile zinazolilenga joho lenyewe, kiwango chake kilikwenda sambamba na kunusurika. Kwa maoni yangu huo ndio msumari wa kisa hiki. Chanjo ya mafuta ilifanikiwa kwa sababu ilimpa samoni wakati wa kutosha kutengeneza IgM nyingi inayolishika vazi. Ukilishika vazi, vazi halimfichi tena aliyelivaa. Linakuwa mpini wa kumkamatia. Seli za kumeza bado ndizo zinazommaliza, hapo waliozitetea hawakukosea, ila zinammaliza akiwa tayari ameshikwa.

Sitaki kuitwisha chanjo sifa zote. Wakati uleule Norwei ilianza kutenganisha samaki wa rika mbalimbali wasikae eneo moja, kuacha maeneo matupu baada ya kuvuna, na kubana usafirishaji wa samaki wachanga. Walikuwa pia wanachagua wazazi kutoka koo zinazostahimili ugonjwa, kwa sababu samoni wa ukoo mmoja na wa ukoo mwingine hawafi kwa kiwango kimoja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hurithiwa. Lakini mambo hayo huzaa polepole. Anguko la kutoka tani 27 hadi tani 6 ndani ya mwaka mmoja lina saini ya sindano.

Kuhesabu siku kwa joto

Kwenye kitabu cha mfugaji wa samoni kuna kipimo ambacho mara ya kwanza kilinichekesha: siku-joto. Unachukua joto la maji kwa nyuzi, unazidisha kwa idadi ya siku. Samaki aliyechanjwa haruhusiwi kupelekwa baharini mpaka zitimie kama siku-joto 500. Kwenye maji ya nyuzi 10 hizo ni siku 50. Kwenye maji ya nyuzi 5 ni siku 100.

Kicheko kiliisha nilipoelewa sababu. Samaki hana joto lake mwenyewe. Seli zinazotengeneza IgM ziko kwenye figo ya mbele na kwenye wengu, kwa kuwa samaki hana uboho wala matezi ya limfu, na kasi yake inafuata maji. Kwenye baridi, seli zinazotoa ruhusa ya kuanza kutengeneza kingamwili ndizo zinazozubaa zaidi. Kalenda ya ukutani haimhusu. Aliyemchanja samoni mwezi Novemba na kumpeleka baharini baada ya wiki nne amempeleka mtu vitani na barua ya kuahidiwa bunduki. Katika kipindi hicho cha katikati samaki analindwa na vitu visivyongoja ruhusa, yaani lisozimu, transferini na komplimenti, na tumeshaona joho linavyozifanyia.

Wafugaji wa vizimba vya Ziwa Viktoria wanaweza kuzidisha wenyewe: maji ya nyuzi 25 yanafikisha siku-joto 500 kwa siku 20. Ila namba hiyo ilipimwa kwa samoni, haihamishiki kwa sato hivihivi, na adui mkubwa wa sato duniani, Streptococcus agalactiae, ana vazi la aina nyingine kabisa, la sukari. Hutawala joto likipanda, pale ambapo Aeromonas wa majipu angekuwa ameshavua joho. Kinachohamishika ni swali: adui huyu amevaa nini, na samaki wangu anahitaji muda gani kwa joto hili?

Alicholipa samoni

Mafuta hayaondoki. Ukimpasua samoni aliyechanjwa kwa chanjo za mwanzo, utakuta utumbo umegandana na ukuta wa tumbo, na madoa meusi yametapakaa kama masizi. Iliundwa hata skeli ya kupima madhara hayo, inayoitwa kwa jina la Speilberg, kuanzia 0 kwa tumbo safi hadi 6 kwa viungo visivyotenganishika. Samaki wengi walikuwa 2 au 3, na wengine walifika mbali zaidi. Walikula kidogo, wakakua polepole kuliko wenzao wasiochanjwa. Minofu yenye madoa ilishushwa daraja sokoni. Mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba baadhi ya samoni waliochanjwa hivyo walikuwa na kingamwili zinazozilenga seli zao wenyewe: somo lililodumu mno mpaka mwanafunzi akaanza kuwapiga nduguze.

Wachanjaji nao walilipa. Mtu mwenye sindano ya mkono huchanja samaki zaidi ya elfu moja kwa saa, samaki wanateleza, na vidole viko karibu. Mafuta yale yakiingia kidoleni si mzaha. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo, na wapo waliopasuliwa ili yatolewe.

Mfugaji wa 1993 aliyapima haya dhidi ya vizimba vinavyoelea mizoga, akachagua mafuta. Ningekuwa yeye ningechagua hivyohivyo. Lakini dozi imekuwa ikipungua tangu hapo, hadi nusu ya sehemu moja ya kumi ya mililita kwa chanjo nyingi za sasa, zenye kinga dhidi ya magonjwa matano au sita kwa pamoja, na mashine zimechukua kazi nyingi ya vidole. Norwei leo huvuna zaidi ya tani milioni moja na nusu za samoni kwa mwaka, na antibiotiki wanazotumia kwa mwaka hazifiki tani moja.

Ndani ya chupa hizo za magonjwa mengi yumo pia Moritella viscosa, bakteria wa vidonda vya majira ya baridi. Samoni wamekuwa wakichanjwa dhidi yake kwa miaka mingi, IgM iko kwenye damu, na bado kila baridi ikizidi wapo wanaotolewa kizimbani ubavu umetoboka. Yeye huanzia nje, kwenye ngozi, chini ya ute. Sindano ya tumboni inajaza damu. Huko nje kwenye ngozi kingamwili yenye kazi ni IgT, ambayo hakuna aliyekuwa akiifikiria mafuta yale yalipochanganywa kwa mara ya kwanza.